Mkandarasi Hufundishwa na Nani?

Kila kazi ina mwalimu wake. Mfinyanzi hufundishwa na chungu kilichopasuka, na mvuvi hufundishwa na wavu uliorudi mtupu. Je, mkandarasi wa ujenzi hufundishwa na nani? Swali hili ni la maadili kabla ya kuwa la ufundi, kwani hasara ya mfinyanzi humrudia mwenyewe, bali kosa la mkandarasi huwaangukia wengine. Tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36.

Tutazame Mabatini, jijini Mwanza. Hapo maji ya mvua hushuka kwa kasi kutoka vilima vya mawe kuelekea Mto Mirongo, nao huyapeleka ziwani. Mfereji uliojengwa kiangazi hupendeza siku ya kukabidhiwa: mhandisi hupima, sahihi hutiwa, malipo hutolewa. Lakini hukumu yenyewe hungoja masika. Wakati huo, mama auzaye mboga kando ya mfereji ndiye ajuaye mahali maji yanaporuka ukingo.

Mkandarasi atasema kwamba mama huyo hakusomea uhandisi. Ni kweli. Hajui kipimo cha nondo. Lakini anajua maji yalifika wapi. Mtaalamu asiyetaka ushahidi wa namna hiyo hujenga huku amefumba macho.

Sheria nayo ina nafasi yake. Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na mikataba huweka kipindi cha matazamio, ambapo sehemu ya malipo huzuiliwa mpaka dosari zirekebishwe. Hata hivyo, anayeziba ufa ili apate fedha zake ameziba ufa tu. Anayeuliza ufa ulitoka wapi ndiye aliyejifunza, na kazi yake ya pili itakuwa bora kuliko ya kwanza.

Wajibu huu ni wa pande mbili. Mkandarasi hana budi kurudi baada ya mvua na kuuliza. Nasi hatuna budi kumjibu kwa ukweli, bila matusi wala kumwonea haya. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibwi mpaka mtu auseme, na mwingine akubali kusikia.