Zamu ya Pampu

Maji ya tangi la matumbawe hugeuka mvuke, chumvi hubaki. Ndiyo maana kila asubuhi niliongeza maji yasiyo na chumvi, kisha nikapima: gramu 35 kwa kilo, kama bahari. Tasnifu iliponibana, nikafunga boya na pampu, nikaacha kupima.

Usiku mmoja konokono alijibanza juu ya boya, likashindwa kupanda. Pampu ikamimina ndoo nzima, lita 20, kwenye lita 80. Asubuhi nilipima 28. Matumbawe mawili hayakuchanua tena.

Nilitaka kuilaumu pampu. Lakini si pampu iliyoyatoa baharini, ni mimi. Kazi ya mikono naweza kuikabidhi. Je, na dhamana? Sasa pampu inajaza. Kupima nimejirudishia mwenyewe.