Dhamana ya Mkono Unaopokea

Ni suala la kale katika elimu ya fiqhi kwamba mali iliyotwaliwa kwa dhuluma ikipita mkono hadi mkono, dhamana yake humwelemea nani. Na wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, walijibu kwamba kila mkono unaofuatia mkono wa ghasibu, yaani mwenye kutwaa mali kwa dhuluma, ni mkono wenye dhamana, hata kama mwenyewe hakujua asili ya kile alichokipokea. Wapo leo wanaodai kuwa filamu haimo katika hukumu hiyo, kwa sababu ikinakiliwa haimpungukii mwenyewe. Lakini mwaka 1988 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Kuwait, lilikata shauri kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi zahifadhiwa na sheria, wala haijuzu kuzidhulumu.

Desemba 2021, filamu ya mapigano iitwayo Spider-Man: No Way Home ilipotoka, na wengi wakawa na shauku ya kuipakua bila ya kulipa, wachunguzi wa kampuni ya ReasonLabs walifichua faili moja la torenti lililojivika jina la filamu hiyo, ambalo kwa mwenye kulisoma jina lake mpaka tamati lilikoma kwa herufi exe, yaani lilikuwa programu wala si picha ya kutazamwa. Programu hiyo iliiamuru Windows Defender, mlinzi wa kompyuta, isiikague. Ikaweka programu nyingine ya kuilinda isizimwe. Ikachimba sarafu ya kidijitali iitwayo Monero kwa faida ya mtu asiyejulikana, kwa umeme na nguvu za mashine ya mtu mwingine.

Mwenye kompyuta akilalamika kwamba kazi ya mashine yake imetumiwa bila idhini wala ujira, asema kweli, lakini malalamiko hayo hayo anayo yule aliyetia mali yake na miaka ya umri wake katika filamu. Hata hivyo siafikiani na wasemao kuwa amepata stahili yake, maana dhuluma haihalalishi dhuluma, na mchimbaji yule hakuwa kadhi. Linalonihuzunisha zaidi ni kwamba kompyuta ya nyumbani aghalabu si ya mtu mmoja: mke huandikia humo hesabu za duka, na mtoto hudurusu humo masomo yake, nao hawakuchagua kumkaribisha mgeni huyo. Aliyelifungua faili ana dhamana kwao pia.

Basi ewe msomaji, ikiwa umekwisha kufungua faili la namna hiyo, ingia leo katika mipangilio ya ulinzi wa kompyuta yako, utazame orodha ya vitu vilivyoachwa visikaguliwe, uondoe usichokijua, uikague mashine nzima, kisha uwaarifu wote mnaoitumia pamoja.