Maji ya Kumwaga

Kiangazi kimoja walikuja Biliqo watu wa kamera kutoka Nairobi kupiga tangazo. Mimi nilikuwa mkalimani wao, kazi ya siku mbili. Mwongozaji, mtu mpole mwenye tuzo zake, alimwomba nyanya yangu amimine maji kutoka kwenye jerikeni, polepole, jua likiwa nyuma yake. Akamimina mchangani. Haikutoka vizuri. Akaombwa tena. Mara ya tatu nyanya alinigeukia akauliza kwa Kiborana, "Hawa wana kiu ya nini?" Sikutafsiri. Nikasema, "Anasema sawa."

Tangu hapo najiuliza: msanii akikodisha jicho lake, linabaki kuwa lake?

Kumlaani ni rahisi. Lakini tuseme ukweli, wengi wanaopiga filamu Kenya hawalipi kodi ya nyumba kwa filamu. Tangazo la sekunde 30 ndilo linaloweka ugali mezani. Si aibu. Fundi anayeshona sare za shule ndiye huyo huyo anayeshona gauni la harusi.

Basi nikamfikiria Wanuri Kahiu, Mkenya aliyeshinda tuzo ya mwongozaji bora ya AMAA mwaka 2009 kwa From a Whisper. Mwaka huo huo alitoa Pumzi, filamu fupi iliyofika Sundance 2010. Ni dunia baada ya Vita vya Maji, watu wanakusanya jasho lao wapate kunywa. Asha anapata mche, anatoroka nao jangwani, anaupanda, anaupa maji yake ya mwisho, kisha analala hapo kuukinga na jua.

Niliitazama kwa simu, nikamwona nyanya. Kote ni mwanamke anamwaga maji mchangani mbele ya kamera. Tofauti iko wapi?

Nilitaka kusema moja ni sanaa, nyingine ni biashara. Hapana. Filamu ya tuzo inaweza kumwibia mtu, na tangazo linaweza kuwa safi. Tofauti ni nani anapoteza, na kama anajua anapoteza kwa sababu gani. Asha anatoa maji yake, na anajua ni kwa ajili ya mti. Nyanya alitoa maji ya chai ya jioni, hakuambiwa ni ya nini. Wangejaza jerikeni kabla ya kuanza, wangemweleza, wangemwachia nafasi ya kukataa, mimi nisingekuwa na la kuandika.

Kwa hivyo jicho lako likodishe ukitaka. Maji ya mwenzako si yako kuyakodisha.

Ila kuna jambo moja silikwepi. Mwongozaji hakusikia swali la nyanya. Mimi nililisikia, na malipo yangu nilipokea. Yeye alinunua picha. Mimi niliuza "sawa" ambayo haikuwahi kutamkwa.

Mwezi uliopita nilimwambia nyanya. Akanyamaza kidogo, kisha akanipa jerikeni nikateke.