Steringi Hafi

Kwenye vibanda vya video kila mtoto huijua kanuni moja: steringi hafi. Hakuna anayeuliza steringi ameua wangapi. Swali langu, ndugu msomaji, ni hili: huruma tunayompa muuaji wa filamu, tumeitoa wenyewe au tumeporwa?

Chukua The Godfather ya Francis Ford Coppola (1972). Michael Corleone ameketi mgahawani na watu wawili: Sollozzo, ambaye watu wake walimpiga risasi baba yake, na McCluskey, kapteni wa polisi aliyemvunja taya. Anakwenda chooni, anachukua bastola iliyofichwa huko, anarudi kukaa. Sollozzo anaongea Kitaliano na hatutafsiriwi neno. Kamera imeng'ang'ania uso wa Michael, macho yanamhangaika. Mlio wa treni tusiyoiona unapanda mpaka unafunika mazungumzo, kana kwamba tumo ndani ya kichwa chake. Kufikia hapo wengi wetu tunaogopa jambo moja tu: asije akashindwa kufyatua.

Atasema mtu, si walikuwa waovu? Walikuwa. Lakini baba bado yu hai, na sisi tunaosoma fiqhi tunajua kisasi kina kipimo. Roho haidaiwi kwa taya.

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi, alimwusia asihukumu mpaka asikilize upande wa pili kama alivyosikiliza wa kwanza. Filamu hufanya kinyume, tena kwa makusudi. Wala haihitaji kusema uongo. Inatosha kugawa muda bila uadilifu, dakika nyingi kwa uso wa mmoja na maneno yasiyoeleweka kwa mwingine. McCluskey ana mke? Ana watoto? Hatuambiwi, na kibaya zaidi hatukuuliza.

Sizungumzii hapa kutazama filamu ni halali au haramu. Mjadala huo una wenyewe. Tena waliouawa mgahawani ni waigizaji, waliinuka wakaenda zao. Kinachonisumbua ni mazoea. Ikisambaa hosteli video fupi ya kijana anayepigwa na umati kwa tuhuma za wizi, aliyeshika simu ndiye aliyechagua tusimame upande gani, na sauti tunazosikia ni za wanaopiga. Tunaandika "amestahili" na kuituma kwa wengine, hali hatujui aliiba nini, wala kama aliiba.