Ileile au Mfano Wake?

Ninafundisha lugha ya kompyuta ya Python jioni hapa Tanga, na somo linalowasumbua vijana wangu kuliko yote ni orodha. Unaandika a = [1, 2], kisha b = a, halafu unaiongezea b namba 3. Ukiitazama a, nayo ina 3. “Mwalimu, nani kaigusa a?” Hakuna. Wanadhani a ni sanduku na b ni sanduku jingine, kumbe ni majina tu ya orodha moja. Mimi darasani ni Mwalimu, nyumbani ni Mama Asha; akila Mama Asha, Mwalimu hashindi na njaa.

Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa lugha hii mwaka 1991, aliweka maswali mawili mahali ambapo sisi huuliza moja. Alama == inauliza kama vilivyomo vinalingana. Neno is linauliza kama ni kitu kilekile. Orodha mbili tupu zinalingana kabisa, wala hakuna kilichomo cha kuzitofautisha, lakini ukiuliza kwa is utajibiwa kwamba si moja.

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anasimulia kwamba watu wa Athens walikuwa wakibadilisha mbao zilizooza za merikebu ya shujaa wao Theseus, hata wanafalsafa wakagawanyika: ni ileile au siyo? Python haigawanyiki. Toa vyote vilivyomo kwenye orodha, ingiza vingine, bado ni ileile. Ikikua ikakosa nafasi, vilivyomo hupangwa upya mahali pengine kwenye kumbukumbu, na bado ni ileile. Lakini andika b = a + [4], na hapo umeumba orodha mpya, hata kama ndani yake vimo vyote vya ile ya zamani. (Jihadhari na +=, ambayo huibadilisha ileile bila kuumba nyingine. Imeshawaliza wengi.)

Basi uleule wa orodha umekaa wapi? Si kwenye vilivyomo. Si kwenye jina, maana jina nalihamisha nitakapo. Kila kitu kina namba yake, na katika Python ya kawaida namba hiyo ni anwani yake kwenye kumbukumbu. Lakini kitu kikishafutwa, anwani yaweza kupewa kingine. Kinachobaki ni kimoja: tangu iumbwe, kuwapo kwake hakujakatika.

Sasa hifadhi orodha kwenye faili, zima kompyuta, kesho iwashe uisome. Kila kitu kimerudi kwa mpangilio wake. Ni ileile? Hata kuuliza kwa is huwezi, maana ya kwanza haipo tena ya kuwekwa kando yake.

Swali hili wenzetu walilibishania karne nyingi kabla ya kompyuta. Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki 1037, alishikilia kwamba kilichotoweka hakiwezi kurudishwa kikawa kilekile. Kitakachokuja kitakuwa mfano wake. Mwanazuoni Al-Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alimjibu kuhusu ufufuo: mtu ni mtu kwa nafsi yake, si kwa mwili, basi nafsi ikirudishwa kwenye mwili wowote, uwe wa udongo uleule au mwingine, aliyerudi ni yeye. Hata katika uhai huu wa leo, alisema, mwili hubadilika tangu utotoni hadi uzeeni, na mtu ni yuleyule.

Python imeegemea kwa Ibn Sina, na kwa orodha naiona iko sahihi. Orodha haina kitu kinachovuka pengo. Al-Ghazali hakudai kwamba pengo halina neno. Alidai kwamba nafsi haikukatika. Hilo ni dai la imani, na mimi nalikubali.

Ninaowashangaa ni wale wanaotuahidi kwamba siku moja akili ya mtu itanakiliwa kwenye kompyuta, na marehemu ataendelea kuishi humo. Nafsi wanaikana, kisha wanataka matunda yake. Wakiniambia mtu ni taarifa tu, nitawajibu kama ninavyowajibu vijana wangu: nakala iliyosomwa kutoka kwenye faili ni orodha mpya. Na anayelipia huduma hiyo ajue kwamba ananunua mtu mwingine anayelingana naye.