Kumbeba Mwanamke Aliye Njiani: Je, Ni Kusaidia Maasi?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu wa Mombasa, Malindi, Lamu na kwengineko pwani, nawaandikia kutoka huku bara, Siakago katika Embu, ambako sisi Waislamu tu wachache na darsa yetu ni ndogo. Wiki iliyopita, baada ya sala ya Ishaa, ndugu mmoja aliye dereva aliuliza swali, na machozi yakimlengalenga. Alisema kwamba aliamshwa usiku ampeleke mwanamke hospitali, Embu mjini. Mwanamke yule alikuwa akitoka damu. Jirani mmoja akamnong'oneza dereva kwamba huenda amekunywa dawa ya kuharibu mimba. Dereva akaogopa mambo mawili, dhambi mbele ya Mungu na kesi mbele ya serikali, basi akakataa. Mwanamke akachukuliwa na mtu mwengine, baada ya saa nyingi kupita. Alipona, lakini kwa shida kubwa. Kama kweli alikunywa dawa au mimba ilitoka yenyewe, hatujui, wala kujua si kazi yetu. Dereva akauliza: "Sheikh, nilijikinga na dhambi, au niliifanya?"

Kabla sijamjibu, kijana mwengine alisema kuwa Marekani iko miji iliyoweka sheria ya kuwakataza watu kuwasaidia wanawake wanaosafiri kwenda kutoa mimba. Kwa nini basi kaunti zetu zisiweke sheria kama hiyo? Maswali haya mawili ni ya mlango mmoja, nami nataka kuyajibu pamoja.

Kwanza tuijue khabari yenyewe. Mwezi Juni 2022 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliondoa haki ya kutoa mimba iliyokuwapo tangu 1973, na kila jimbo likaachiwa kuamua lake. Jimbo la Texas likakataza, na jirani yake New Mexico ikaruhusu, basi wanawake wakawa wakivuka mpaka. Ndipo mwezi Oktoba 2023 wakuu wa kaunti ya Lubbock, Texas, wakapitisha amri ya kukataza kumchukua mwanamke katika njia zao kwa safari hiyo. Mwanamke mwenyewe hashitakiwi. Anayeshitakiwa ni msaidizi, na mwenye kumshitaki si polisi bali ni raia yeyote apendaye. Mji wa Amarillo, ulio katika jimbo hilo hilo, ulipelekewa sheria kama hiyo, na mwezi Novemba 2024 wapiga kura wake wakaikataa. Na mji ule si mji wa watu wanaopenda mimba zitolewe.

Sasa tuwape haki yao wanaoitaka sheria hiyo, kwani hoja yao haikosi nguvu. Watasema: Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, aya ya 2, ametuamrisha tusaidiane katika wema na uchamungu, na ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Na Mtume (S.A.W.) amewalaani watu kumi kwa ajili ya ulevi, na miongoni mwao yumo mwenye kuubeba na mwenye kubebewa. Ikiwa mbebaji wa tembo amelaaniwa, itakuwaje mbebaji wa mwanamke aendaye kuua kilichomo tumboni mwake?

Hoja hii haijibiwi kwa kusema kwamba kutoa mimba ni jambo dogo. Si dogo. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya siku za mwanzo, lakini baada ya siku 120, roho ikisha kupulizwa, wamekubaliana kuwa ni haramu. Majmaa ya Fiqhi ya Rabita ya Makka iliamua mwaka 1990 kwamba baada ya muda huo mimba haitolewi illa madaktari waaminifu wathibitishe kuwa kubaki kwake ni khatari ya yakini kwa uhai wa mama. Na Imamu Ghazali ameeleza katika Ihya kuwa jinai hii huzidi ubaya kila mimba inavyozidi kukua. Asiyekubali haya hatuna la kuzungumza naye katika darsa hii.

Lakini tazameni tofauti. Mwenye kubeba pipa la tembo anajua alichokibeba. Tembo halitoki damu, wala halina haki juu ya jirani. Mwanamke ni nafsi aliyoiharimisha Mwenyezi Mungu, na aliyembeba hajui yaliyomo tumboni mwake wala moyoni mwake. Kwa hiyo nasema wanawake walio njiani ni namna tatu.

Wa kwanza ni aliye katika khatari, kama yule wa dereva wetu. Huyu kumbeba ni wajibu, hata kama ana yakini kuwa amekunywa dawa. Kilichokuwa kimekwisha kuwa, na nafsi iliyobaki ni yake. Katika Suratul Maida, aya ya 32, kuokoa nafsi moja kumehesabiwa kama kuwaokoa watu wote, wala aya haikushurutisha kwamba nafsi ile iwe haina dhambi.

Wa pili ni yule ambaye hatujui safari yake. Huyu tunamdhania vyema na kumchukua kama abiria mwengine. Suratul Hujurat imetukataza dhana mbaya na kupelelezana. Je, tuwaulize wake za watu kando ya barabara wana mimba ya miezi mingapi?

Wa tatu ni yule aliyekwambia kwa ulimi wake kwamba anakwenda kutoa mimba pasi na udhuru wa kisharia. Huyu usimpeleke huko, na ukimpeleka hali wajua, umeshirikiana naye. Lakini kutompeleka huko si ruhusa ya kumwacha barabarani. Mpeleke kwa mkeo, apewe chakula, aulizwe ni nini kilichomfukuza kwao: ni umaskini, au mume aliyemkana, au mtu aliyemdhulumu?

Sheria ya namna ya Lubbock ubaya wake ni huu, kwamba huwachanganya watatu hawa. Hata ikitaja kuwa mwenye dharura hamo, dereva si daktari. Atakayeogopa kushitakiwa na kila mpita njia atawakataa wote watatu, na wa kwanza kufa atakuwa yule ambaye kumbeba kulikuwa wajibu. Na kanuni ya fiqhi yajulikana, kwamba dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake, seuze iliyo kubwa kuliko hiyo.

Tena sisi Kenya hatuna upungufu wa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 26, haikuruhusu kutoa mimba illa mtaalamu wa afya akiona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo khatarini, au sheria nyengine iliyoandikwa ikiruhusu. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Adhabu humpa hadi miaka 3 gerezani mwenye kutoa kitu akijua kuwa kitatumiwa kuharibu mimba kinyume cha sheria. Angalieni neno hilo "akijua". Na kifungu cha 43 cha Katiba chasema hapana mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Huduma ya magari ya wagonjwa nayo imewekwa mikononi mwa kaunti. Basi anayetaka kuidai kaunti yake jambo, na aidai gari ya wagonjwa inayofika kijijini usiku, asiidai amri ya kuwatisha madereva.

Na nyinyi wa pwani mmeyaona matunda ya khofu hii karibu yenu. Mwaka 2019 msichana wa shule wa miaka 16, upande wa Kilifi, alipelekwa zahanati akitoka damu. Polisi wakaingia, wakamkamata yeye pamoja na tabibu aliyemtibu. Mwezi Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kuwa kukamatwa kwao hakukuwa kwa haki. Hukumu ile ilikuwa na maneno mapana zaidi juu ya kutoa mimba, na watu wakaikatia rufani. Sisi hatuchukui dini yetu kwa majaji. Lakini kumkamata tabibu juu ya kitanda cha mgonjwa, hilo hata sharia yetu hailiridhii.

Na kama mwataka dalili, basi kumbukeni kisa kilichopokewa na Imamu Muslim. Mwanamke wa kabila la Juhayna alimjia Mtume (S.A.W.) ana mimba ya zina, na mwenyewe amekiri. Dhambi haikuwa ya kudhaniwa, ilikuwa dhahiri. Mtume akamwita walii wake, akamuamrisha amtendee wema mpaka ajifungue. Basi amri ya kwanza kumhusu mja mzito mkosa ilikuwa ni ihsani, na amri ile aliambiwa msaidizi wake. Kwa wema ule mimba nayo ikahifadhika.

Hapa ndipo penye lawama yetu. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, nasi ndio tunaowafanya binti zetu wafiche. Kijana aliyemtia mimba hatumuulizi, na msichana twamfukuza. Zaka zetu hazimfikii mjane mwenye mimba. Kisha akisafiri usiku kwa siri, twataka sheria ya kumzuia barabarani! Lau angalikuta mlango mmoja wazi mtaani mwake, huenda asingalisafiri.

Dereva wetu nilimjibu hivi: ndugu yangu, uliikimbia dhambi ya kudhaniwa ukaiingia iliyo yakini. Tubu, na toba yako ni kwamba ukiamshwa tena usiku, uwashe gari kwanza. Yaliyomo moyoni mwa yule mwanamke mwachie Mola wake.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Wallahu aalam.