Furaha ya Kombe na Furaha ya Moyo

Wako watu wanaodhani ya kuwa mpira ni jambo dogo, lisilostahiki kuzungumzwa na watu wa elimu. Sisi hatuoni hivyo. Jambo linalowakusanya vijana wetu kila alasiri, likawafurahisha na kuwaliza, haliwi dogo. Na mwenye kuwafunza, wanayemwita kocha, amekabidhiwa nyoyo zao, si miguu yao tu.

Yaliyotutia kuandika haya tuliyaona Butula, katika kaunti ya Busia, tulipokuwa safarini kutoka Mumias kwenda mpakani. Nchi ile si ngeni kwa watu wa pwani. Misafara ya wazee wetu ilipita huko zamani. Tuliposhuka kwa ajili ya Sala tulikuta vijana wamemaliza mechi, nao wameshindwa. Mwalimu wao aliwapanga mstari akiwakemea mmoja mmoja. Kijana aliyekosa penalti akaambiwa mbele ya wenziwe ya kuwa hafai kitu. Tuliambiwa ya kuwa wiki iliyotangulia timu hiyo ilishinda, na mwalimu huyo huyo akambeba kijana huyo huyo mabegani. Tulimwendea tukampa mkono, hakuinua uso.

Basi tukajiuliza: Je! kijana yule ni yupi? Ni wa mabegani, au ni yule asiyefaa kitu? Yeye hakubadilika. Kilichobadilika ni mpira kupita juu ya mwamba badala ya chini yake.

Tufanye hisabu. Timu 16 zikishindania kombe moja, 15 zitarudi makwao mikono mitupu. Mwalimu akifunza ya kuwa hakuna furaha ila kombe, amewahukumia huzuni wengi, na hiyo moja iliyoshinda ameipa furaha ya kuazima, ya kurejeshwa msimu ujao.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari ya kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike, Al-Adhbaa, asiyeshindwa kwa mbio. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia wake mchanga, akampita. Masahaba likawawia zito. Mtume akawafahamisha ya kuwa hakuna kitu cha dunia kinachoinuka ila Mwenyezi Mungu hukiteremsha. Hakukataza mashindano kwa ajili ya hayo. Aliwafunza tu wasizitundike nyoyo zao juu ya kitu kitakachoshuka.

Huenda mtu akasema: "Mkiwafunza hivyo vijana watalegea." La. Kujitahidi ni juu yao. Matokeo hayamo mikononi mwao. Tazameni Iten, katika Bonde la Ufa. Mwaka 1976 alifika huko Colm O'Connell, mtawa wa Ireland, kusomesha jografia katika skuli ya St Patrick's. Hakuwa na elimu ya kufunza riadha. Aliipata kwa kukaa na wanafunzi wake miaka mingi. Mmoja wa aliowalea, David Rudisha, alishinda mbio za mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akavunja rikodi ya dunia. Mtawa huyo si mtu wa dini yetu, lakini hikima huchukuliwa popote inapopatikana. Kulea kwa subira hakukuzuia ushindi.

Basi mwalimu na amsahihishe mchezaji kosa lake bila ya kumvunjia heshima. Na amthamini anayekaa akiba kama anayefunga mabao. Timu ikishinda, na awaongoze kuwapa mkono walioshindwa. Ikishindwa, na awaulize: Je! tulifanya bidii? Tulisaidiana? Tulicheza kwa haki? Wakiweza kujibu ndiyo, wanayo furaha ambayo refa hawezi kuwanyang'anya. Na wasipoweza, wanalo la kutengeneza kesho, nalo limo katika uwezo wao.

Wengi wa vijana wa Butula hawatapata riziki kwa mpira. Watakuwa wakulima, madereva, waalimu na wachuuzi wa Busia na Malaba. Huko nako watashindwa mara kwa mara, pasipo na uwanja wala watazamaji. Siku hiyo itawarudia masikioni sauti ya aliyewafunza. Na iwe ni sauti ya kuwainua.

Nasi wenye timu katika mitaa yetu ya pwani, tujihisabu kabla ya kuwalaumu wa Butula.

Wallahu aalam.